Mabehewa Uliyotutumia

Lubunga, Kisangani
Jumapili, baada ya misa

Yaya wangu Cyprien, kaka yangu mkubwa,

Nakusalimu sana, wewe na shemeji Marthe na watoto. Baridi ya huko Liège imepungua? Sisi huku tunapumua. Mvua inanyesha, mto umejaa, na Papa anakula vizuri ingawa mguu bado unamsumbua. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu yangu inapita mikononi mwa kila mtu humu ndani, na maneno haya nataka yafike kwako peke yako. Jirani yetu Mama Vicky anapanda ndege Bangboka kesho, ndiye atakayekuletea.

Lile sanduku la treni za kuchezea lilifika salama. Papa ametandika reli zake juu ya meza ya chakula, sasa lituma, hizi ndizi zetu za kupondwa, tunakula tumeipakata magotini. Lakini kumbe ulituchanganyia, yaya! Kila gurudumu lina mdomo, ule ukingo wa ndani unaoshika reli. Mengine yana mdomo mrefu, mengine mfupi. Yenye mdomo mrefu yanagonga misumari ya reli zetu na kuruka. Yenye mdomo mfupi yanazama pale reli zinapogawanyika. Papa akasema bon, haya, treni moja, kipimo kimoja. Akachonga kijiti cha kupimia nafasi kati ya magurudumu, akayatenga yale marefu, na mwanya wa pale reli zinapogawanyika akauziba kwa kipande cha bati.

Haraka yote hiyo ni kwa ajili ya Sadrack. Mdogo wetu ameanza kazi ya kufunga mabehewa pamoja kule stesheni, kazi ileile aliyofanya Papa, na Papa anataka azoee kwanza mezani. Mabehewa yako yana ndoano zinazoshikana zenyewe ukiyasukuma tu. Kwa hizo Sadrack alikuwa fundi, anafunga huku anapiga mluzi. Papa hakupenda. Alisema mabehewa ya zamani ya huku hayajifunge yenyewe, mutu anaingia katikati, ananyanyua munyororo na mukono, anatoka mbio. Aling'oa ndoano zako zote, akaweka vipande vya mkufu wangu uliokatika.

Hapo ndipo hofu iliponiingia. Sadrack alishindwa kabisa. Pete ya mnyororo inapita kando ya ndoano, mara mbele, mara nyuma, naye anacheka kwamba vidole vyake ni vinene. Halafu akarudisha relini behewa la mdomo mrefu bila kuona tofauti, wakati mimi niliiona nikiwa mlangoni. Jana mchana Papa alipojinyoosha kitandani, nilimfunika Sadrack jicho la kulia kwa kiganja, kwa utani tu. Akaanza kupapasa meza. Jicho la kushoto halioni kitu, yaya. Ni tangu ile homa aliyoipata Yanonge. Aliniapisha nisimwambie mtu, akasema kazi ya kweli iko hii moja tu, nikiongea itaenda kwa mwingine.

Tangu hapo honi ya treni ikilia, naacha ninachofanya. Namwona amesimama kati ya mabehewa mawili, na chuma kinamjia upande wa kushoto. Wiki iliyopita alirudi na shati limechanika ubavuni upande huohuo. Alidai ni msumari.

Kiapo kilinishinda. Leo tulipotoka misa nilimwambia Papa. Nilitegemea apige kelele. Yeye aliendelea kupima gurudumu kwa kijiti chake bila kunitazama, akasema anajua. Ni yeye aliyemkaririsha zile herufi za ukutani, mstari kwa mstari, kabla hajakwenda kupimwa macho kwa ajili ya kazi. Alisema Mungu alimlinda yeye kwenye mabehewa hayohayo, atamlinda na mtoto wake. Kijiti kikamdondoka.

Kesho asubuhi nakwenda mwenyewe kwa mkubwa wa kazi wa Sadrack kumwambia. Naogopa, yaya. Sadrack hatanisamehe, na Papa anaweza kunifukuza. Watakupigia simu kunishtaki, na sikuombi unitetee. Uwaulize tu Sadrack yuko wapi. Wakikujibu yuko hapa nyumbani, amenuna, hataki kuniona, basi umshukuru Mungu kwa niaba yangu.

Wabusu watoto, na shemeji umpe salamu zangu nyingi.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Fortunée