Mpini wa Jiwe la Tabaka

Jumatatu, 6 Agosti 1951

Imeshaamuliwa. Mwanangu Salat anakwenda Kebirigo kufungua duka dogo. Gulled, baba yake, amelitaja wakati wa chai kama mtu anayesema leo kuna mawingu. Mimi chai ikanipalia.

Kebirigo hakuna Mwislamu hata mmoja. Ni Wasabato na Wakatoliki, watu wazuri sana, lakini nani atamchinjia? Nikamuuliza Gulled. Akasema mtoto ni mtu mzima, ana mikono miwili, atachinja mwenyewe. Kwa kitu gani, nikamuuliza, kwa meno? Hana hata kisu.

Basi kisu nitanunua mimi. Nimelisema mbele ya wote. Kisiwe cha baba, kiwe cha mama. Kila akikikunjua huko peke yake, anikumbuke.

Jumatano, 8 Agosti

Nimekwenda na Salat duka la Mhindi, lile la juu sokoni. Akatutolea visu viwili vya kukunja, akaviweka juu ya kitambaa kama dhahabu.

Kimoja cheusi. Mpini wa pembe, bapa moja tu la chuma, hakuna cha zaidi. Sura yake — kama kidole gumba cha mtu wa jembe. Cha pili cheupe, mpini wa mfupa, unang'aa kama jino la mtoto. Shaba huku na huku. Mabapa mawili, kubwa na dogo, na mgongoni kuna kachuma kamejisokota, sijui ka kazi gani lakini kanapendeza.

Salat akachukua cheusi. Akakikunjua, akakikunja, kikalia ta. Akanyoa nywele kidogo za mkono. Hooyo, mama yangu, hiki, akasema. Mtoto wangu huyu, anayepaka kichwa mafuta mpaka nzi anateleza, leo ndiyo amekuwa mtu wa kazi!

Nikamwambia, wewe ni mgeni kule. Mgeni anaangaliwa kila anachotoa mfukoni. Ukitoa hicho, watasema mama yake hakuwa na macho.

Akasema, lakini Hooyo, kuku haangalii mpini.

Nimenunua cheupe.

Ijumaa, 10 Agosti

Mama Nyasani amepita na ndizi zake jioni. Yule Bathsheba, Msabato, rafiki yangu tangu watoto wetu wananyonya. Nikamwonyesha kisu. Akakigeuza, akakigeuza tena. Nikangoja asifu.

Akasema, kizuri. Mfupa wa mnyama gani?

Nikasema wa ng'ombe. Akaniuliza, ulimwona? Maana hivi vitu vinatoka ng'ambo, akasema, na kule ng'ambo nguruwe ndiye mbuzi wao.

Halafu akashika kale kachuma kalikojisokota. Akasema, na haka ni mkia wake?

Salat alikuwa mlangoni. Akacheka, akasema hako ni ka kuzibulia chupa za mvinyo. Mimi na Bathsheba tukatazamana. Nguruwe na pombe, kisu kimoja. Yeye kwake ni mwiko na mimi kwangu ni mwiko, na mimi ndiye nimekinunua kwa mikono yangu.

Nikataka kumuuliza nifanye nini. Akainua kikapu, akasema jua linatua, Sabato inaingia, tutaonana Jumapili. Akaniacha hivyo hivyo.

Jumamosi, 11 Agosti

Bathsheba yuko kanisani. Kisu kiko juu ya kabati. Sikigusi.

Nimemtuma Gulled akamuulize Mhindi. Amerudi anatabasamu. Mhindi anasema mfupa ulifika bila mwenyewe, hakuweza kumhoji. Gulled akaenda pia kwa mwalimu msikitini. Mwalimu amesema mashaka tu hayaharamishi kitu, na mpini hauliwi. Kwa hiyo, Mama Salat, ananiambia, mwonye tu mwanao asiule mpini.

Wanacheka wote nyumba nzima. Mimi naona mkono wa mwanangu, umeshika ule mfupa, anasema bismillahi. Siwezi.

Nikasema basi nikirudishe nichukue cheusi? Sikusema kwa sauti. Mhindi atacheka, Salat atacheka, na kile cheusi bado kitakuwa kibaya.

Jumapili, 12 Agosti

Bathsheba amekuja asubuhi mapema, hata ndizi hakubeba. Anasema alikaa kanisani anawaza kisu changu badala ya kusikiliza, Mungu amsamehe. Shauri lake: kaka yake, Machogu, anachonga mawe kule Tabaka. Bakuli, viko, hata visanduku. Atoe ule mfupa, aweke jiwe.

Jiwe! Jiwe halina kwato, halina dini. Nimemkumbatia.

Jumanne, 14 Agosti

Machogu ameleta bakuli zake sokoni, nikampelekea kisu. Akakipima mkononi, akaniangalia. Akasema, mama, jiwe letu ni laini, ni la kukaa juu ya meza. Kisu kinatembea na mtu.

Nikamwambia mwanangu hatembei, atakaa dukani. Akacheka. Akaniuliza rangi. Nikasema jeupe, lenye mshipa wa waridi kama lile bakuli lako. Na kale kachuma katupwe mbali.

Ijumaa, 17 Agosti

Kimerudi. Sijawahi kuona kitu kizuri hivi. Laini kama shavu. Ule mshipa wa waridi unapita upande hadi upande kama umepakwa kwa unyoya. Nimekizungusha dirishani muda wote chai inachemka mpaka ikamwagika.

Salat amekishukuru kwa mikono miwili. Akakitia mfuko wa kanzu. Kanzu ikaenda upande. Gulled akamtazama hivi, akasema, mtoto huyu atafutiwe jiwe la upande wa pili, asije akaanguka njiani.

Kukikunjua kunataka mikono miwili. Bapa limelegea kidogo. Machogu anasema kile kichuma nilichotaka kitupwe kilishikana na springi. Kisu hakilii ta. Kinalia pfu, kama mtu aliyechoka.

Salat akasema, hamna shida Hooyo, ni kizuri. Amesema mara nyingi mno.

Jumapili, 19 Agosti

Nimempangia sanduku. Shuka, msala, birika, kanzu mbili, dawa ya tumbo, pilipili, dawa nyingine ya tumbo. Kisu nimekifunga katika kitambaa changu cha kichwa, juu kabisa.

Kule chini kulikuwa na soksi nzito. Nikaingiza mkono. Kile cheusi.

Alirudi dukani peke yake. Hakuniambia. Ameshakinoa, nimekigusa kidogo tu na kidole kinatoka damu mpaka sasa.

Nilikaa juu ya sanduku. Nikawaza nikitoe. Nikawaza nimwite. Halafu nikawaza kuku, na mwanangu peke yake na kisu kinacholia pfu.

Nimeirudisha soksi ilivyokuwa. Nimeiongezea na nyingine juu, isitoboke.

Jumatatu, 20 Agosti

Ameondoka na lori la mahindi. Alisimama nyuma, kanzu imelala upande. Kwa hiyo kiko mfukoni. Au anajua nitaangalia.

Jumapili, 2 Septemba — Kebirigo

Nimeshindwa kungoja. Nimekuja na lori lile lile, nimekaa juu ya magunia. Daftari nimelisahau nyumbani, naandika kwenye karatasi ya kufungia sukari, nitaibandika baadaye.

Amekonda kidogo. Si sana. Duka ni dogo lakini amelipanga, sabuni huku, chumvi huku, mafuta ya kichwa ameyaweka mbele kabisa, bila shaka ndiye mnunuzi mkubwa.

Sijakaa vizuri akaingia mzee mmoja, Onsongo, jirani yake. Akaniamkia, akaniuliza, wewe ndiye mama wa kisu cha jiwe? Nikashtuka. Akasema hapa wote wanakijua. Siku ya kwanza kijana alikitoa akate kamba ya gunia, kamba ikakataa, kisu kikaanguka, watu wakakiokota. Wakaona jiwe la kwetu Tabaka! Msomali na jiwe la kwetu! Wakacheka mpaka wakakaa chini. Tangu siku hiyo wanakuja kukiangalia, na wakija wananunua chumvi.

Nikamwuliza, na kile kingine? Akasema, kile cheusi? Ah, kile ndicho kisu.

Nimekiona cheupe. Kimelala juu ya meza kwenye kitambaa changu, safi, amekipaka mafuta. Pembeni kimemeguka, kipande kama ukucha.

Salat amenunua jogoo kwa ajili yangu. Mkubwa. Amekuja na visu vyote viwili, akaviweka mbele yangu, macho yake chini. Akasema, Hooyo, leo ni jogoo wako, chagua utakacho. Kisha akatoka haraka kwenda kumkamata, Onsongo nyuma yake.

Akanitupia mimi! Anajua nimeijua soksi. Ile ya pili niliyoiongezea juu, nani mwingine angeiongezea?

Nikisema cheupe, atachinja nacho. Atafanya kwa ajili yangu, najua, na jogoo atateseka, na nyama sijui itakuwaje. Nikisema cheusi, Onsongo atalipeleka kanisani na litafika kwa Bathsheba kabla yangu.

Nimejaribu vyote kwenye pembe ya karatasi hii. Kimoja kimepita kama ndani ya maziwa. Kingine kimekunja karatasi, kikairarua. Lakini ule mshipa wa waridi, hapa karibu na mlango, kwenye jua —

Nasikia kelele za jogoo. Wamemshika. Salat anaita, Hooyo, kipi?

Upepo umeingia, karatasi inataka kuruka nikiwa bado naandika. Nimeiwekea kile cheupe juu. Kinaishika vizuri kabisa.