Lalamiko la Mwisho Kabla ya Saa Nne

3 Machi

Bibi mpendwa, shikamoo. Goti linasemaje? Mimi mzima, ila moyo unafuka moshi. Ile programu yangu ya kupokea malalamiko ya wagonjwa hapa hospitalini, mkuu wangu Bwana Manukato amefuta jina langu, akaweka lake. Mimi kanihamishia stoo ya majalada.

Ndani yake nilikuwa nimeunda mwandishi asiye na mwili: unampa maneno, anayaandika kwenye faili. Nilimwagiza aongeze mapya chini ya ya zamani. Bwana Manukato, kwa kujifanya fundi, kalifuta agizo hilo. Sasa kila lalamiko jipya linafuta yote yaliyotangulia, na hajui! Tarehe ishirini anawaonyesha wakurugenzi. Nimwambie?

Mjukuu wako

8 Machi

Mke mwenzangu, marahaba. Goti lilelile, linanitukana kila nikiinama. Anayeniandikia ni fundi cherehani. Nimemwapisha asipunguze ukali.

Umwambie nini? Ulimi ukikuwasha, ung'ate! Mwizi wa kuku akijifungia bandani, humpelekei ufunguo. Lakini wagonjwa wamekosa nini? Kisasi chetu kina kichwa kimoja tu. Maneno yao yawekee nakala, lisipotee hata moja. Kisha nijibu: siku hiyo faili lake litakuwa na nini?

Bibi yako

12 Machi

Shikamoo Bibi. Umelalaje na hilo goti? Nakala ninazo; kompyuta ya stoo inanakili kila lalamiko likiingia. Faili lake litakuwa na moja tu: la mtu wa mwisho kuandikisha kwenye dirisha la malalamiko kabla ya mkutano wa saa nne.

Mjukuu wako

15 Machi

Marahaba. Saa nne kasorobo nipo dirishani. Goti si ugonjwa?

Bibi yako

21 Machi

Bibi, shikamoo, na pole kwa ngazi za jana. Ukutani mbele ya wakurugenzi yalitokea maneno haya peke yake: "Goti linauma. Daktari mpole. Programu hii kaiandika mjukuu wangu aliye stoo. Huyo anayenukia kaiiba. Muulizeni wenzangu wako wapi."

Bwana Manukato akafungua faili, akafunga, akafungua. Jasho likashinda manukato. Wakashuka stoo wenyewe. Nikawapa malalamiko mia nne na kumi na mbili, yote. Ofisi nimerudishiwa. Stoo kapewa yeye.

Mjukuu wako

25 Machi

Mke mwenzangu, marahaba mara saba. Nimecheka hadi fundi cherehani kajichoma sindano.

Akikuomba radhi, mwambie asubiri. Usimsamehe kabla sijafika. Nina jalada langu la goti, nataka anitafutie yeye, juu kabisa, kwa ngazi.

Bibi yako