Nilivyomtangaza Bhoke Mnadani

Jumanne, alasiri. Jua kali, upepo unaleta vumbi kutoka upande wa hifadhi. Moyo wangu mzito kama gunia lililolowa.

Kama si mimi, Serengeti yote hii ingeshakuwa shamba la mtama. Watu hawalisemi kwa sababu ya wivu, lakini simba wa huku Ikoma wananijua kwa sauti. Kuna siku tembo dume alisimama katikati ya njia, magari ya watalii yamepanga foleni, madereva wakubwa wazima wanatetemeka. Nikashuka kwenye pikipiki nikamwambia kwa Kikurya kwamba sisi wengine tuna haraka. Akapisha. Dereva mmoja akaniamkia shikamoo, na alikuwa amenizidi umri.

Basi, shajara, hayo nimeyaandika ili mkono upate moto. Yanayofuata mkono hautaki kuyaandika.

Bhoke amekufa. Na Marwa anaitwa jangili.

Nianze na Bhoke, maana wanaosoma blogu hii ni mpwa wangu aliyeko Mwanza, ambaye ndiye aliyenifungulia, na wengine wachache wasiojua mambo ya huku. Bhoke ni pundamilia jike. Alikuwa na kola shingoni, mkanda mpana wenye kamtambo ndani, kanakotuma habari za mahali alipo. Watafiti walifunga kola kama hizo kwa pundamilia watatu wanaopita kwenye ardhi ya vijiji, wajue wanyama wanapita wapi wakitoka hifadhini na wanarudi lini. Wawili walinaswa na nyaya mwaka jana. Alibaki yeye, na mtoto wake wa miezi michache.

Kwenye karatasi za watafiti alikuwa namba tu. Jina nilimpa mimi. Binti mtafiti, Neema, aliponiomba niwe mhamasishaji wa kijiji, nilimwambia: mwanangu, namba haililiwi msiba. Ukitaka watu wa huku wamwonee mnyama huruma, mpe jina la mtu. Tukamwita Bhoke. Ndani ya mwezi mmoja akina mama kisimani wakawa wananiuliza, "Mjomba, Bhoke hajambo? Mtoto ananyonya?" Kama wanauliza habari za mke wa mwanangu.

Hapo sijaongeza chumvi. Kazi ile niliiweza. Mimi shule niliishia darasa la sita, lakini nikishika kipaza sauti hata mwalimu mkuu anasogea. Nilienda makanisani, nilienda kwenye vilabu vya pombe, nilienda mpaka Nyamongo kwa wachimbaji wanaonunua nyama ya porini bila kuuliza imetoka wapi. Niliwaambia kwamba mnyama yule anasomwa kama kitabu, na ukimla umekula kitabu kabla hakijaisha kusomwa. Walicheka, lakini walisikiliza.

Na nyaya zilianza kurudishwa. Hizi nyaya zinatoka kwenye matairi yaliyochomwa. Mtu anazisokota kitanzi, anafunga kwenye mti, mnyama akipitisha shingo hatoki. Wa kwanza kuleta zake alikuwa Marwa, jirani yangu, tunachangia mpaka wa mkonge. Alikuja mchana kweupe na kiroba begani, akakimwaga mbele ya ofisi ya kijiji watu wakiona. Akasema, "Nimekula nyama hii tangu nikiwa mdogo. Sasa basi." Marwa si mtu wa maneno. Baada yake wakaja wengine, mmoja mmoja, wakimtazama yeye kwanza kama yuko salama.

Mimi nilikuwa nikienda kila mkutano namtaja. Marwa wangu, nilikuwa nasema. Kama nimemzaa.

Sasa mnada.

Jumatano ile iliyopita nilikuwa mnadani na kipaza sauti changu, nimesimama juu ya kreti za soda. Kulikuwa na ng'ombe wengi na watu wengi, wengine wametoka Tarime, wengine hata siwajui. Nilikuwa nimefika pale pazuri pa hotuba, pale ninapoweka mkono kifuani, ndipo yule jamaa anayeuza supu ya utumbo akanikatiza.

"Mjomba, wewe huyo Bhoke umeshamwona kwa macho, au unasomewa na yule binti?"

Watu wakaangua kicheko. Mwingine kutoka kwa wachoma nyama akadakia, "Mjomba porini aende wapi? Anaogopa hata mbuzi wa mkewe."

Shajara, mimi naweza kuvumilia njaa. Naweza kuvumilia malaria. Kuchekwa nikiwa nimeshika kipaza sauti siwezi.

Wiki hiyo Neema alikuwa amenionyesha kwenye kompyuta yake kidoa cha Bhoke. Kila asubuhi kilikuwa kinashuka mahali pamoja. Alinionyesha kwa kuniamini, na aliniambia wazi: "Mjomba, hapa usipataje. Hata kwa mama watoto." Hiyo ndiyo sheria ya kwanza ya kazi hii. Unatangaza mnyama, hutangazi anapokunywa.

Nikasema. Kwa kipaza sauti. Nikawaambia mimi huyo Bhoke naamka naye, kila asubuhi jua likichomoza anashuka korongo la mawe meupe, chini ya mgunga uliopigwa radi, anakunywa, mtoto ubavuni, na mimi nimekaa hatua kumi kutoka kwake ananitazama tu. Nikawaonyesha na mkono ni upande gani.

Wakapiga makofi. Muuza supu mwenyewe alinipa bakuli la bure, akasema, "Kumbe mzee uko vizuri." Sijawahi kupigiwa makofi kama yale tangu nizaliwe. Nilirudi nyumbani naendesha pikipiki kwa mkono mmoja.

Jumamosi kola ikasimama.

Neema alikuja Jumapili akiwa na askari wa wanyamapori, tukaenda pamoja. Kwenye korongo la mawe meupe kulikuwa na waya umefungwa kwenye mgunga, na damu, na kwato, na kichwa. Kola ilikuwa imekatwa kwa panga na kutupwa kwenye tope. Bado ilikuwa inatuma habari. Mtoto alikuwa amesimama ng'ambo ya korongo, analia ile sauti yao inayofanana na ya mbwa mdogo. Anasogea, akituona anarudi nyuma. Anasogea tena.

Neema alikaa chini kwenye mawe. Ana umri wa binti yangu. Akaniuliza bila kunitazama, "Mjomba, aliyefanya hivi alikuwa anapajua. Ulimwambia mtu?"

Nikamjibu, "Mimi? Kaburi lina maneno kuliko mimi."

Nimeliandika kama nilivyolisema. Sijalipunguza.

Tangu hapo chakula hakipiti. Mke wangu, Mama Nyangi, anadhani ni homa. Jana kanipikia ugali wa mtama na samaki, nimekula matonge mawili nikaona kichwa kile kwenye mawe. Nimemaliza maisha yangu nikiongea, na sasa neno moja tu linakataa kutoka.

Leo asubuhi ukaitwa mkutano shuleni wa kumtafuta aliyefanya. Huku kwetu mhalifu asipojulikana tunapiga kura ya siri. Kila mtu anapewa kipande cha karatasi, anazunguka nyuma ya darasa, anaandika jina la anayemshuku, anakunja, anatumbukiza kwenye ndoo. Asiyejua kuandika anamnong'oneza mwalimu. Njia hiyo imeshatupatia wezi wa ng'ombe wengi, na sina neno nayo. Ila kura inaandika kile watu wanachodhani, na watu wanadhani kwa kile walichosikia.

Kabla ya kura mzee mmoja alisimama akasema jambo la akili. Alisema lile korongo halipitiwi na mtu, limejificha, nani anakwenda kule? Hakuhitaji kutaja jina. Kila mtu anajua Marwa anakata nyasi za kuezekea kule. Watu wakageuka wakamtazama alivyokaa, panga lake la nyasi pembeni, maana alikuwa ametoka kazini.

Waliokuwa mnadani Jumatano walikuwepo pia. Niliwaona. Yule muuza supu alikuwepo. Hakuna aliyefungua mdomo. Labda walisahau, labda kila mmoja aliogopa kwamba akisema alisikia, ataulizwa alichosikia alikitumiaje. Au walikuwa wananingoja mimi.

Kura yangu niliikunja tupu. Mwenyekiti alipoifikia akasema, "Hii haina kitu," akaiweka pembeni.

Nyingine zilisomwa kwa sauti. Marwa. Marwa. Jina la mtu aliyehama zamani. Marwa. Marwa. Mkewe alikuwa amekaa na akina mama upande wa kushoto, na kila jina likisomwa alikuwa anavuta kanga yake mbele, mpaka uso ukafunikwa wote.

Marwa akasimama. Hakupiga kelele. Alisema, "Nyaya zangu nilizileta mwenyewe hapa hapa. Nilipozileta mliniambia nimefanya vizuri. Leo mnaniandika kwa sababu nilizileta. Asiyezileta hakuna anayejua kama anazo." Halafu akanigeukia. "Mjomba yuko hapa. Yeye ndiye anayejua mambo ya huyo mnyama. Aseme yeye, watu wengine walikuwa wanapajua pale au hapana."

Ewe shajara. Sentensi moja. Ningesema, nilipataja mnadani, mnada mzima unapajua, na kura zile zote zingekuwa karatasi za kuwashia moto. Marwa angerudi kwenye nyasi zake. Na wale wenye nyaya bado ndani ya nyumba, ambao walikuwa wanasubiri waone mwisho wa Marwa, wangeona kwamba mtu akijisalimisha halali jela. Hilo ndilo lililobaki sasa. Bhoke hayupo. Yule mtoto bado yuko kule korongoni, na Neema amesema watafiti wanaweza kumfunga kola akikua, kama watabaki huku. Nani atamlinda kama leo tumewafundisha watu kwamba anayerudisha waya ndiye anayekamatwa? Kesho hakuna mwanamume wa kijiji hiki atakayeleta hata kipande.

Mwenyekiti akanyoosha kipaza sauti. Neema alikuwa mbele, na daftari lake magotini, akanitazama kwa mara ya kwanza tangu Jumapili. Nilikishika. Kilikuwa cha moto kwa jua. Nikakisogeza mdomoni, na ule mnada wote ukanijia, yale makofi, lile bakuli la bure, nikawaza Neema akiyasikia.

Nikaweka kiganja shavuni. Nikasema naomba radhi ndugu zangu, jino limenishika vibaya, siwezi kuongea.

Watu wakaguna kwa huruma. Hiyo ndiyo inayoniua, kwamba waliniamini. Bibi mmoja akafungua pindo la kanga akanipa karafuu nitafune. Mwenyekiti akasema basi mjomba apumzike, na Marwa apelekwe kata keshokutwa akajieleze mbele ya askari. Wakati tunatawanyika Marwa alipita karibu yangu, kati ya wanamgambo wawili. Akasimama kidogo.

"Pole, mjomba," akasema. "Jino ni baya. Sukutua na chumvi."

Nikaitikia kwa kichwa. Hata hapo sikufungua mdomo.

Sasa nimekaa huku nyuma ya nyumba, na kwa Marwa hapo ng'ambo ya mkonge kimya, hawajawasha jiko. Keshokutwa ni Alhamisi. Kutoka hapa mpaka ofisi ya kata kwa pikipiki si mbali. Nimejaribu kuisema ile sentensi kwa kunong'ona, peke yangu, na imetoka mara mbili. Mara ya tatu nikasikia Mama Nyangi anakuja, nikaimeza. Sijui kama sauti ambayo simba wanaijua itanifikisha kwenye meza ya yule askari wa kata. Sijui nitamtazamaje Neema akishajua. Najua tu kwamba nikichelewa mpaka Ijumaa nitakuwa nimetega waya wa pili.

Mama Nyangi ameleta maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Amesimama hapa mpaka nisukutue mbele yake, nimesukutua mara tatu, nikakunja uso kama mgonjwa.

Hakuna jino linaloniuma. Meno yangu yote ni mazima.