Wifi Yangu Hayumo Kwenye Mpango Wowote

Usevya, Jumanne usiku

Hasira bado haijaisha. Wageni wa kutuandaa na mafuriko wamekuja leo na magari matatu, kila gari na mpango wake. Wa wilayani wanasema maji yakijaa tukimbilie shuleni. Wa mkoani wanasema shule iko bondeni, twende kanisani. Wale wenye fulana za uokoaji wanasema tusitoke nyumbani, watatufuata na boti.

Nikawauliza, "Kwani nyie wanangu hamkuongea njiani?"

Nikasema tena, wifi yangu Kabula miguu imekufa, hatembei, nani atambeba?

"Bibi, wagonjwa wako kwenye mpango wa wenzetu," akasema wa wilayani. Wenzao wa mkoani wakasema wao wanaleta chakula tu. Wa fulana akasema kila kaya imbebe mtu wake.

"Kaya yangu ni mimi na yeye!"

Nikawapakulia ugali wote, maana walikuwa hawajala tangu asubuhi, na mimi siwezi kumtazama mtoto wa mtu na njaa, hata akiwa mpumbavu.

Walivyoondoka, mvua ikaanza kunguruma upande wa hifadhi. Kabula akauliza, "Wamesemaje, wifi?"

Nikamwambia nitambeba mimi, mgongoni, alale tu. Ameniamini, sasa hivi anakoroma.

Na mimi ndoo ya maji yenyewe siku hizi nabebewa na jirani.