Tunang'oa Reli ya Mlimani

Mdogo wangu Simiyu,

Huku baridi imeanza kuuma masikio, lakini mimi ni mzima. Mama je, miguu bado inamvimba akisimama sana? Na wewe, umepata kazi ya kudumu, au bado unabangaiza kwenye gereji pale Woodley?

Barua yako niliisoma nikiwa nimekaa juu ya mataruma ya reli. Unasema umegundua yule muuza nyama aliyemwita ndugu yetu Wanjala mwizi sasa anaishi Uthiru, jioni hurudi nyumbani peke yake, na panga umeshalinoa. Unasema ninyamaze kwa kuwa niko Japani na uchungu umeniisha. Simiyu, mimi ndiye niliyekuwa ng'ambo ya barabara siku ile Dagoretti Corner. Ndugu yetu alikuwa amebeba betri yetu wenyewe, anaipeleka kuchajiwa ili tutazame mpira. Yule mtu akanyoosha kidole, akapaza sauti, basi. Mawe, mbao, mateke. Betri waliipasulia juu yake, tindikali ikamla uso. Nilipofika nilimtambua kwa soksi zake, moja ya kijani na moja ya kijivu.

Kwa hiyo nisikilize, halafu uamue.

Kazi yangu huku ni kung'oa reli, njia moja ya milimani. Wanasimulia kwamba ilipofunguliwa kulikuwa na bendera kila stesheni. Ilibeba shaba ya mgodini, magogo, na wanafunzi waliojazana hadi mlangoni. Kisha mgodi ukafungwa, barabara ya lami ikafika, vijana wakahamia mijini. Mwishowe gari moshi lilikuwa likipanda na bibi mmoja na figili zake. Sasa tunakata vyuma, lori linabeba.

Watu wa reli huku wana desturi yao. Kabla ya kukanyaga njia, unanyoosha kidole na kutaja kwa sauti unachokiona: "Njia iko wazi!" Siku yangu ya kwanza waliponyoosha vidole na kupaza sauti, nilitupa sururu nikakimbilia msituni. Walicheka mpaka wakakaa chini.

"Rudi, Barasa, dubu ameshaondoka," akaniita mzee Goto, mkuu wa kikundi chetu.

Nilipomweleza sababu, hakucheka tena. Alinionyesha handaki ambalo walilichimba yeye na kaka yake wakiwa vijana. Kaka alikaa kupumzika, nyapara akampiga kwa mpini wa sururu mpaka akafia kwenye tope. Goto akangoja. Siku ya sherehe ya kufungua njia akampasua nyapara kichwa kwa nyundo. Nyapara hakufa. Alilala kitandani bila kusema neno, mwanawe akimlisha na kumwogesha, tangu yule mwana ni mtoto hadi akaota mvi. Goto alifungwa. Alipotoka njia ilikuwa imeshamiri, mikono inatafutwa, wakamrudisha kazini.

"Ulipata nafuu?" nikamwuliza.

"Usiku ule nililala vizuri," akasema. "Ule mmoja tu."

Yule nyapara alifariki mwezi uliopita. Wiki iliyopita tulikuwa mdomoni mwa handaki, mwanawe akatokea. Goto alimwona kwanza. Akanyoosha kidole, akataja: "Mtu. Mtaimbo." Hakukimbia. Pigo la kwanza lilimvunja mkono, nikasikia mfupa. La pili lilimchana kichwa, damu yake ikanirukia mdomoni. Nilimkumbatia yule mtu kwa nyuma, tukaanguka kwenye kokoto, akaning'ata huku akilia "Baba, baba." Mtu wa umri wa kuwa babu.

Hospitalini polisi akamwuliza Goto ni nani aliyempiga.

"Reli ilifyatuka."

"Mzee, reli haimpigi mtu mara mbili."

"Hii ilinipiga."

Polisi akanigeukia. Nikasema nami niliiona ikifyatuka. Alipotoka, Goto akaniambia, "Yule aliyenipiga naye ana mwana. Nimemwona. Ana mikono mikubwa."

Muuza nyama pia ana wana, Simiyu. Watakutafuta nyumbani, na atakayewafungulia mlango ni Mama. Panga hilo mpelekee shangazi Nekesa kijijini akakatie ng'ombe majani.

Nisalimie mjomba fundi viatu, na shemeji yetu, mjane wa Wanjala, umwambie sijamsahau. Mwalimu wa kwaya pia, aliyetusaidia kuzika.

Na jambo hili hukuliona, ulikuwa mdogo. Mama alilifua shati la Wanjala, akalisuuza, akalifua tena, akalianika kana kwamba kuna mtu atalivaa. Mimi ndiye niliyelianua. Ndugu yangu, usimpe Mama shati la pili.

Ni mimi kaka yako nikupendaye,
Barasa