Kitabu cha Kumsomea Wafula Kwanza

Kasese, Jumamosi, Agosti 2015

Basi nimeamua. Nitamsomea vitabu vyote, hata sauti ikinikauka.

Leo sokoni Bwera nilipata riwaya tatu za mitumba zilizoandikwa kutokana na ule mchezo wa kompyuta wa majoka na wachawi anaoupenda kaka yangu Wafula. Tangu saruji imrukie machoni akipiga plasta nyumbani, amefungwa bendeji, na daktari hajasema kama ataona tena. Naogopa kumuuliza.

Muuzaji aliniudhi. "Dada, hii kubwa iko muzuri, anza na hii!" Na hajawahi hata kuifungua. Mimi nilitaka ile ya vita vya kwanza, hadithi ianzie mwanzoni.

Nilipomsomea Wafula majalada, alinikatiza.

"Anza na ile ya mji wa barafu."

"Lakini hiyo ndiyo ya mwisho!"

"Najua. Ila huko, kwenye mchezo, nimetembea kila kichochoro. Huko nitaona."

Sikubishana tena. Nikaanza kusoma. Mlinzi alipofungua lango la mji, Wafula alinyoosha kidole kuelekea ukutani kwetu.

"Duka la mapanga liko pale."

Nami nikageuka, nikatazama.