Diski Yenye Sauti ya Mama

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, na pole na kazi. Natumaini wewe na wifi yangu mtarajiwa hamjambo. Sisi huku tu wazima. Mama anakula vizuri na kidonda cha koo kimefunga. Usishangae kupata karatasi badala ya simu. Nimepiga namba yako mara nne wiki hii, na kila ikianza kuita nakata.

Kwanza nikushukuru kwa kompyuta uliyoniachia. Ule mpango wako wa diski mbili ndani ya mashine moja ulinifaa sana: yako na mfumo wako, yangu na mfumo wangu, kila mtu na chumba chake. Nikiiwasha inaniuliza naingia wapi, nami naingia kwangu, napanga kurasa za vitabu vya watu. Kwako sikanyagi. Wenzangu kazini hunitania kwamba nafuga paka na panya nyumba moja.

Sasa, mwezi uliopita ilianza kuunguruma kwa vumbi. Nikaifungua, nikachomoa nyaya zote, nikapiga brashi, nikarudishia. Ikawaka vizuri, nikajisifu. Lakini ule utepe mwekundu uliufunga kwenye waya wa diski yako, si kwenye diski yenyewe, na diski zote mbili ni za aina moja, ukubwa mmoja, pacha watupu. Sikulaumu, Kaka. Wa kulaumiwa ni mimi niliyezibadilisha nyaya bila kujua.

Jumamosi nikataka kuuweka mfumo wangu upya. Nikafuata ulivyonifundisha: chomoa kwanza yenye utepe, ndipo uguse kitu. Nikaichomoa. Mashine ikaniuliza kama ifute yote yaliyomo kwenye diski iliyobaki. Nikajibu ndiyo, nikaenda kufua nguo. Niliporudi nikaichomeka ile ya utepe, nikaifungua, na humo nikazikuta kazi zangu zote, salama salimini. Kumbe niliyoifuta ni yako.

Nimefuta sauti ya Mama, Kaka. Yale maneno aliyokurekodia kwa ajili ya harusi yako, wiki moja kabla ya upasuaji uliomwondolea sauti, akatukataza kuyasikiliza mpaka siku yenyewe. Nakala hakuna, ulisema utaitengeneza ukirudi. Fundi amehangaika nayo siku tatu. Alinirudishia bila kunitazama usoni, akasema, "Dada, humu hamna kitu tena."

Jana nikamweleza Mama. Tulilia sote wawili. Kisha akanishika mashavu, akaanza kuniambia yale maneno upya, kwa midomo tu, taratibu, mpaka jasho likamtoka. Unajua hakusoma, hawezi kuandika. Alipomaliza akachora kwa kidole kiganjani mwangu kunionyesha nikuandikie. Nikaitikia kwa kichwa. Kaka, sikuelewa hata neno moja.

Sasa hivi amekaa mbele yangu, anaifuatilia kalamu kwa macho, anatabasamu. Nikisita, ananigusa mkono niendelee. Sina uso wa kumwambia. Niambie nifanye nini, maana mimi nimeshindwa. Nisamehe, na kama huwezi, njoo unigombeze, mradi uje.

Msalimie wifi. Ni mimi mdogo wako, yule uliyempa jina la

Kiherehere.

Alama ya dole gumba hapa chini ni ya Mama. Ameitia mwenyewe, akiamini yote niliyoandika ni maneno yake.